Binti Anayeuza Milango

Fundi wa kuchomelea alipigwa kodi na faini kwa sababu alificha faida ya karakana yake kwenye akaunti ya bintiye wa miaka mitano. Aliyasimulia hayo ndani ya basi kwa mama mshonaji aliyeketi pembeni yake, ambaye hakuwa amemuuliza kitu.

"Mtoto halipi kodi mpaka kipato chake kivuke kiwango," alilalamika. "Kosa langu nini, dada yangu?"

"Kosa huna, kaka. Ila mtoto alipata wapi hela zote hizo? Aliuza meno ya utotoni?"

"Niliwaambia watu wa kodi anauza milango."

Mshonaji aligeuka amtazame vizuri.

"Wakasema mlete. Nikampeleka na gauni jipya. Bwana kodi akainama, akamuuliza, 'Mwanangu, unauza nini?' Akajibu kwa adabu zake zote, 'Baba amesema niseme milango.'"

Abiria wa kiti cha nyuma alikohoa kikohozi kilichofanana sana na kicheko.

"Hongera, umelea," alisema mshonaji. "Huo ukweli kautoa kwa mama yake, bila shaka."

"Wanasema hela ya karakana ni yangu hata ikilala kwa jina la mtoto! Hiyo ni haki?"

"Au ulitaka waje wakamate midoli?"

Basi likasimama kituoni kwake. Akashuka mikono mitupu. Vilikuwa vimemtoka kodi laki nane, faini laki mbili, na mashine ya kuchomelea, ambayo alikuwa ametoka kuiuza ili alipe. Gauni lilikuwa elfu kumi na tano.