Betri ya Ndege Iliyochajiwa Mwigobero

Pale Mwigobero, mwaloni kando ya ziwa, kati ya banda la Kasmiri la kuchaji betri na meza yangu ya kushonea viatu, kuna benchi letu la kahawa. Kasmiri tunamwita Chaji, kwa sababu betri za taa za kuvulia dagaa karibu zote zinapita mikononi mwake. Lameck anafyeka majani uwanja wa ndege, basi ni Rubani. Jilala ni Redio, maana hazimiki. Jumanne iliyopita ndege ndogo iliyokuwa ikimpeleka nesi kisiwani kumchukua mgonjwa ilianguka ziwani. Rubani wa kweli, aliyeirusha, na nesi wote wamekufa, na nesi tumemzika jana Butiama. Betri ya ndege hiyo ilichajiwa hapa hapa kwa Chaji, siku ile ile. Wachunguzi wanafika kesho.

— Chaji, kunywa kahawa. Unaiangalia tu, — alisema Jilala.

— Sina hamu.

— Wewe huna kosa. Ile ndege ilibebaga dhahabu ya Buhemba. Ilizidiwa uzito.

— Dhahabu gani? — Lameck alimkata. — Nesi alikuwa na boksi la dawa na kanga mbili. Mlango nilimfungia mimi mwenyewe kwa mkono huu.

— Basi ni ziwa. Pale katikati kuna chuma chini, kinavuta. Ndiyo maana hata simu zinazimaga.

— Simu yako inazimaga kwa sababu huichaji.

Siku nyingine tungecheka.

— Mimi nilikuwa pale ofisini, redio iko wazi, — Lameck aliendelea. — Rubani wa ndege alisema altaneta imekufa, umeme hauzalishwi tena, anatumia betri, anarudi. Alikuwa ndani ya mawingu. Dakika nne, sauti ikakatika.

— Injini ikazima? — niliuliza.

— Injini ikishawaka haina shida na betri. Ila vile vidude vya kumwonyesha kama yuko sawa au amelalia upande, vinakula umeme. Kwenye mawingu bila hivyo wewe ni kipofu. Betri inatakiwa imshikie nusu saa, ashuke salama.

Chaji aliweka kikombe chini. Kilikuwa bado kimejaa.

— Sasa sikilizeni, — Jilala alisogea. — Kuna watu wana mashine. Wanakaa chini wananyonya umeme wa ndege angani. Kule Kiabakari watu wamewaona, wana waya kwenye paa...

— Redio, nyamaza! — nilimfokea.

Nilikuwa nimechoka naye. Lakini niseme ukweli, nilitamani sana awe sahihi.

— Ilikuja imekufa kabisa, — Chaji alisema polepole. — Ndege ilikaa wiki sita haijaruka. Fundi wao yuko Mwanza. Rubani wake akaniletea asubuhi kwa pikipiki, akasema mgonjwa hawezi kusubiri fundi. Nikaiweka kwenye chaja ya lori. Saa nane nikaipima kwa taa, ikawaka nyeupe. Si mliiona?

— Tuliiona. Mimi iliniumiza macho, — alisema Jilala.

Mimi ndiye niliyesema siku ile, tena kwa sauti: «Hiyo inafika mpaka Nairobi.» Rubani alicheka, akanipa mkono.

Hapo ndipo alipotokea mama Tabitha. Ana mitumbwi miwili ya dagaa, na hajawahi hata siku moja kusimama kwenye benchi letu. Nesi Consolata alikuwa binti yake. Tulisimama wote.

— Shikamoo mama. Pole sana.

— Marahaba. Nimeshapoa. Kasmiri, nimechajisha kwako miaka saba, si ndiyo?

— Ndiyo mama.

— Betri zangu unaziwashiaga taa asubuhi, unaziacha mpaka jioni. Inayozima mapema unaniambia, mama, hii usiipeleke ziwani, itawaacha vijana gizani. Inayofika jioni ndiyo unaichaji tena unanipa.

— Ndiyo mama. Nafanyaga hivyo.

— Hii ya ndege uliiwashia taa muda gani?

Chaji aliinama kuokota kikombe chake. Lameck aliangalia mikono yake. Jilala, ambaye ana jibu la kila kitu, alianza kutafuta kifuniko cha birika.

Mimi nilikuwa najua. Siku ile niliinua macho kutoka kwenye kiatu, nikaiona taa, nikasema maneno yangu ya Nairobi. Nilipoinamia kiatu tena, Chaji alikuwa ameshachomoa waya wa taa. Rubani alikuwa na haraka, na sisi tulikuwa tumeona mwanga, tukaridhika. Nilijua jibu na sikulisema. Niliona aibu, na bado ninayo.

Mama Tabitha hakupandisha sauti. Alifunga kanga yake vizuri, akakaa kwenye benchi, pale pale alipokuwa amekaa Chaji.

— Nangoja, — alisema.