Marehemu Bahizire Josias, Aliyebaki na Njegere Ndani ya Kuta Nne

Mara yangu ya kwanza kushughulika na marehemu ilikuwa Julai 1990, sokoni Rumonge, na tulianza kwa kubishana. Mimi Chanceline, niliyepewa kazi ya kuandika na kusoma maneno haya, nilikuwa mchuuzi wa ndagala, wale dagaa wa ziwani, nikitafuta kitu cha kuongeza kwenye mzigo wa Bujumbura. Yeye alikuwa amekaa nyuma ya kikapu cha njegere mbichi, maganda marefu kama kidole cha mtu mzima. Nilionja moja, nikaomba mbegu.

“Kavu siuzi, mama. Mbichi beba hata kikapu kizima.”

“Njegere na njegere, iko tofauti gani?”

“Mbichi ni mboga. Kavu ni ukoo.”

Nikachukua mbichi, nikazianika juu ya mabati, nikazipanda bila kumwambia. Haikuota hata moja. Nilipokuja kulalamika alicheka mpaka akashika tumbo. “Mama, umepanda mimba!” Niliendelea kurudi kwake kila wiki nikijaribu njia nyingine, na hapo ndipo nilipofahamiana na mwanawe Samy, ambaye leo ni mume wangu. Majirani husema niliolewa kwa ajili ya mbegu. Si kweli. Na wajue kwamba hata baada ya harusi hakunipa.

Mzee Bahizire Josias alizaliwa tarehe 4 Machi 1932 huko Kaziba, Kivu ya Kusini, mtoto wa tatu kati ya saba. Alisoma shule ya misheni hadi mwaka wa nne. Kalamu hakuipenda, lakini hesabu ya kichwa alikuwa nayo, na alipofika umri wa miaka kumi na sita alikuwa tayari anashika kamba na pima chini ya fundi mwashi. Mwaka 1956 alivuka kuja Burundi kujenga maghala ya mawese, akatulia Rumonge.

Tarehe 16 Agosti 1958 alimuoa Rachelle Cikuru, naye wa Kaziba. Mungu aliwajalia watoto wawili, Samy na Lukeba. Mama Rachelle alimtangulia mwaka 1988. Hakuoa tena. Alipoulizwa sababu alijibu kwamba nyumba ina ufunguo mmoja tu.

Kama fundi, kuta zake bado ziko wima toka Magara hadi Nyanza-Lac. Ukuta mmoja, aliomjengea bikizee wa milimani juu ya Bururi mwaka 1967, ndio uliomletea njegere. Kazi ilipokwisha, yule mama alimpa bakuli la njegere kavu, basi. Marehemu alishuka na bakuli lake amenuna, akazipanda kwenye bustani ya nyumbani ili ahakikishe kwamba amepunjwa. Zilipanda juu ya matete zikampita kimo, zikapita kimo cha mtu aliyesimama mabegani pake, zikatoa maua ya zambarau. Nyumba ilikula miezi miwili bila kukoma. Tangu hapo alizipanda kila Mei, wakati baridi ya kiangazi inaanza, akazimwagilia kwa maji ya mfereji. Mashina yaliyokuwa bora aliyafunga uzi mwekundu, yawe ya mbegu, na ganda la shina lenye uzi hakulila hata mjukuu.

Kisha ikaja vita. Kati ya 1995 na 1996 hakupanda, kwa sababu kukata matete ziwani kulikuwa kutafuta kifo. Tarehe 17 Machi 1997 nyumba yake ilichomwa. Mabati yakaenda na wenye nguvu za kuyabeba, zikabaki kuta nne na mlango. Wiki chache baadaye ikatolewa amri: mmea wowote unaopita kiuno, karibu na barabara au makazi, ukatwe, watu wasijifiche humo. Migomba ikalala. Mihogo ikalala.

Nilimwambia apande zile fupi, za kimo cha goti, ambazo kila mtu alikuwa nazo.

“Fupi iko ya mutu mwenye haraka,” alisema. “Mimi nina haraka ya kwenda wapi?”

Mbegu alizobaki nazo zilikuwa za mavuno ya 1994, na njegere ya miaka mitatu ni mzee. Alizipanda zote, ndani ya nyumba yake iliyokosa paa, kwenye udongo wa sebuleni. Jua liliingia kwa juu, na barabarani hakuonekana kitu. Ziliota thelathini na moja. Hizo ndizo zilikuwa njegere zote ndefu tulizozijua duniani, maana kule milimani bikizee alishafariki na watoto wake walikuwa wametawanyika.

Tarehe 21 Julai nilipata nafasi katika mtumbwi wa kwenda Kigoma kesho yake alfajiri. Nilikuwa nimepigania nafasi sita: Samy, mimi, watoto wetu watatu, na yeye. Nilimkuta sebuleni, amesimama juu ya pipa, anageuza ncha za mashina yaliyofika juu ya ukuta ili zishuke chini tena.

“Baba, shuka. Tunaondoka kesho.”

“Hizi zinakauka mwisho wa mwezi wa nane.”

“Zikaukie nani? Ukiuawa humu?”

“Nikiuawa zitakauka peke yake. Nikiondoka watazila mbichi.”

“Nitamwachia jirani.”

“Jirani gani, mama? Wote si uko nao kwenye mtumbwi?”

Nimefanya biashara tangu nikiwa na miaka kumi na minne, na najua kwamba mtu akikataa bei, unaondoa bidhaa mezani. Nikashika shina moja, nikaling'oa na mizizi yake. Nilitaka aone kwamba nitang'oa yote, asibaki na sababu ya kubaki.

Alishuka kutoka kwenye pipa, polepole. Aliliokota, akalitazama.

“Sasa iko thelathini,” alisema. “Endelea. Ukimaliza, tunaenda wote.”

Nilishika la pili. Lilikuwa na uzi mwekundu. Nikaliachia. Nasema haya mbele yenu kwa sababu miaka mingi nimelaumiwa kwamba nilimwacha mzee. Nilikuwa na uwezo wa kumtoa pale. Ilihitaji dakika tano na mkono mgumu, na mkono wangu unajulikana kuwa mgumu. Siku ile haukuwa.

Tukaondoka watano.

Yaliyofuata aliyasimulia mwenyewe. Mwezi Agosti aliingia askari kijana.

“Mzee, amri inasema kiuno.”

“Ndiyo, shefu. Kiuno, huko nje. Hapa iko ndani ya nyumba.”

Askari akatazama mbingu. “Nyumba iko wapi?”

“Si umepita mulangoni?”

Yule kijana alicheka, na aliyecheka anaweza kuzungumza. Wakakubaliana: mashina ya ukuta wa kushoto ale askari, mbichi, kila alipopita, ya ukuta wa kulia asiyaguse, na asiwaambie wenzake. Alikuja mara sita. Ndivyo tulivyojua kwamba mzee naye alikuwa mfanyabiashara, na kunizidi. Mwishoni mwa Agosti alivuna kikombe kimoja cha kavu.

Lakini hakuwa na pa kwenda wala paa. Barabara ilifungwa, ziwa likafungwa, na mvua ya Septemba ilimkuta amejikunja kwenye kona chini ya makuti ya mchikichi. Hapo ndipo kikohozi kilipoanza. Kila mwaka alipanda tena humo humo, kwa hiyo kila kiangazi aliyaondoa makuti ili jua liingie, na kila Septemba mvua ilimkuta hajamaliza kuyarudisha. Sisi, kambini huko Kigoma, tulikula njegere za msaada, za njano, zilizopasuliwa katikati, ambazo hata Mungu hawezi kuziotesha.

Tulirudi tarehe 12 Machi 2002. Mtoto wetu wa mwisho, Bora, aliyeondoka ana miezi mitatu, alimtazama babu yake akaniuliza, “Mama, huyu mgeni anaishi hapa?” Marehemu ndiye aliyemjibu: “Ninaishi, ila nakaribia kuhama.”

Tulipewa mabati ya wanaorejea. Samy alitaka kuezeka mara moja. Marehemu alisema tungoje mavuno, kwa kuwa amri ya kiuno ilikuwa bado ipo. Tulingoja, tukalala jikoni, tukaezeka Septemba. Mapafu yake hayakungoja nasi. Mwezi Januari 2003 alianza kutema damu. Kituo cha afya kilishauri apelekwe Bujumbura. Tarehe 8 Februari tulimfikisha hadi penye kizuizi, tukaambiwa barabara imefungwa tena. Tukamrudisha. Alifariki Jumapili tarehe 9 Februari 2003, saa tatu asubuhi, chini ya mabati mapya, akiwa na umri wa miaka sabini.

Marehemu ameacha watoto wawili: Samy, na Lukeba aliyeko Uvira, ambaye leo hakuweza kuvuka. Ameacha mkwe mmoja, wajukuu watatu, na wanafunzi wake wa uashi ambao ndio wamejenga kaburi hili bila kuombwa. Familia inawashukuru wote mliofika, hasa mliotembea kwa miguu. Murakoze cane.

Sasa niseme kila upande ulipata nini. Yeye alipata kuziona njegere zake zikikauka mara sita, akafia kwake. Alipoteza mapafu, na miaka minne na miezi minane ya wajukuu. Sisi tulitoka watano tukarudi watano. Mbegu ninazo mimi, chupa nzima. Alinipa mkononi siku mbili kabla ya kufa, bila masharti. Nilichopoteza ni mtu pekee ambaye sikuwahi kumshinda bei, na sasa sina wa kujaribu tena.

Baba Bahizire, pumzika. Hapo hakuna wa kukuambia uhame.