Bwana Mikidadi na Asili ya Neno Laboro

Baada ya miaka kumi na miwili ghalani, Bwana Mikidadi bin Msafiri, karani wa mizigo wa boma la Arusha, anastaafu leo, tarehe 31 Machi 1913. Barua ya afisa inasema afya yake inahitaji mapumziko. Sisi wenzake tulishtuka, na yeye pia, maana hakujua kwamba anaumwa.

Alikuja kwa miguu kutoka Pangani, na tangu hapo hakuna mzigo ulioingia kutoka Moshi bila kupita kwenye mizani yake. Alijua majina ya wapagazi wote na ya watoto wao. Kiswahili chetu cha bara alikisahihisha hata pale ambapo hatujafungua mdomo.

Mwaka jana tuliletewa afisa mpya wa Kijerumani, mpenzi wa Kiesperanto, lugha iliyotungwa ili watu wote duniani waelewane kama ndugu. Kila Jumamosi alitufundisha undugu huo, na aliyechelewa alichapwa. Bwana Mikidadi hakuchelewa hata mara moja.

Jumamosi moja tukafika kwenye neno laboro, yaani kazi. Afisa akaeleza kwa furaha kwamba limetoka katika Kilatini cha Warumi wa kale, na kwamba wataalamu wengine hulifuata nyuma zaidi, hadi kwenye neno lenye maana ya kuyumba chini ya mzigo. Wiki hiyohiyo mpagazi wetu Kasaine alikuwa ameanguka mtoni Usa na ratili zake sitini, akachapwa kwa kosa la uvivu. Basi Bwana Mikidadi akainuka, akaomba radhi kwa uzito wa kichwa chake, akasihi aonyeshwe kuyumba huko kulikuwaje.

Afisa ni msomi, hakatai swali. Akajitwika mzigo wa Kasaine na kuondoka langoni kuelekea kwenye mizani. Kufika hatua ya kumi na moja, alikuwa amekaa chini. Wapagazi arobaini walimtazama kwa adabu kubwa. Hakuna aliyecheka, na nadhani hilo ndilo lililomuuma zaidi.

Jumatatu ikatoka amri: mzigo sasa ni ratili hamsini. Jumanne ikatoka barua ya afya.

Bwana Mikidadi, tunakushukuru, na kukukosa kunatuuma kweli. Usihofu kwamba amri ile itaondolewa: afisa hawezi kuifuta bila kueleza kwa nini aliitoa. Tunakuombea safari njema na siku za raha huko Pangani. Kasaine ameingia jana kutoka Moshi, akitembea wima.