Mzee Wima, Aliyelinyoosha Tangi la Mtaa

Marehemu, ambaye mtaa mzima ulimwita Mzee Wima, alizaliwa tarehe 14 Machi 1951, kitindamimba wa seremala na mshona nguo, katika nyumba iliyo chini ya tangi la maji lenye miguu ya chuma. Hakuwahi kuhamia kwingine.

Alisoma shule ya msingi ya mtaani, kisha sekondari ya ufundi, aliyoimaliza mwaka 1970. Mwaka uliofuata aliajiriwa kuwa mkaguzi wa mizani za madukani hadi alipostaafu mwaka 2011. Wauza nyama walimwogopa kama homa.

Alifunga ndoa tarehe 6 Agosti 1977. Shemeji yake alimzawadia kamera, na tangu hapo, kila kumbukumbu ya ndoa, alisimama kwenye ngazi ileile ya ghala lililo mkabala na kuipiga picha familia chini ya tangi. Tangi lilikuwa limeinama tangu utoto wake, na jicho la mkaguzi halikuvumilia. Aliiinamisha kamera upande mpaka tangi likasimama wima pichani. Nyumba, nguzo na watu vikalala upande.

"Babu, hapa mlikuwa mmelewa?" wajukuu waliuliza.

"Muulizeni vizuri," mkewe alidakia. "Mimi kila mwaka napigwa picha nikianguka."

Mwaka 2022 alianza kuugua moyo. Mwaka uliofuata, akiwa hawezi tena kupanda ngazi, ilitoka amri kwamba tangi linazidi kuinama, hivyo nyumba zote za chini yake zibomolewe. Maradhi aliyazoea, hilo lilimkatisha hamu ya chakula. "Nikifa, mama yenu mtamweka wapi?" aliwauliza wanawe.

Mhandisi kijana alipokuja kupima, alikaribishwa sebuleni, akabaki ameukodolea macho ukuta wenye picha.

"Mzee, mbona nyumba zote zinaanguka?"

"Nyumba hazina neno, mwanangu. Nililinyoosha tangi."

Mhandisi alicheka, kisha akazisogelea picha. Akaomba kuazima picha zote. Kwa kuwa zilipigwa kutoka mahali pamoja, alilinganisha mguu wa tangi na ukuta wa nyumba, mwaka kwa mwaka. Pembe ilikuwa ileile. Alifukua msingi wa tangi ili ajiridhishe, akaukuta imara. Tangi lilijengwa limepinda na halikuwa limesogea hata kidogo.

Tarehe 19 Januari 2024 amri ilifutwa. Mhandisi alikuja mwenyewe kuwaambia. "Lala usingizi, mzee. Halianguki, na hamhami."

Marehemu aliomba chakula papo hapo.

"Miaka yote hiyo unatulaza sisi ili lenyewe lisimame," mkewe alimwambia akimpakulia. "Angalau limekuwa na shukrani."

Alicheka hadi akapaliwa.

Alifariki asubuhi ya tarehe 3 Mei 2024, usingizini, mkewe akiwa pembeni. Katika miezi ile ya mwisho maumivu yalikuwepo, lakini hofu ilikuwa imemtoka, nasi tulimwona akipumua kama mtu aliyetuliwa mzigo.

Ameacha mjane, watoto watatu, wajukuu saba, dada mmoja na shemeji yule wa kamera. Mazishi yakiisha, mama atarudi kulala kwake, katika chumba chake, na hakuna atakayemwambia afungashe.

Pumzika salama, Mzee Wima. Lililokuwa likikunyima usingizi limekwisha.