Naisula Lemein, Sauti Iliyolinda Malisho ya Kisaju

Tarehe 30 Juni, Bi. Naisula Lemein anastaafu baada ya miaka ishirini na saba katika Kituo cha Wanawake cha Kisaju. Aliajiriwa kama mhamasishaji. Kuimba hakukuwa sehemu ya kazi. Alikuja nako kutoka kwao Kimana, alikoongoza nyimbo za harusi tangu usichana wake.

Miaka ile bei ya ploti Kitengela ilikuwa inapanda, na wanaume wengi waliuza ardhi bila wake zao kujua. Siku moja Tabitha, mama wa watoto sita, alitujia akilia: mumewe, Lesiamon, alikuwa anauza malisho yote yaliyobaki. Naisula akafuatana naye hadi kwenye kikao cha wazee na mnunuzi. Mwenyekiti akamzuia: "Hapa mama hazungumzi."

"Sawa, mzee. Sitazungumza," akajibu. Kisha akaimba.

Aliimba kwa Kimaa, lugha ya Wamaasai, akiwataja watoto wa Lesiamon mmoja mmoja, na kwa kila jina akauliza: huyu naye atachungia wapi? Wanawake waliokuwa nje ya ua wakaitikia. Alipofika kwa kitindamimba, Lesiamon akainuka, akamwambia mnunuzi, "Rudi nyumbani. Siuzi." Hadi leo ng'ombe wa Tabitha wanachungwa pale.

Ushindi huo ulimgharimu. Wazee walikasirika, na kwa miaka miwili hakuna boma lililomwalika kuimba harusini. Ilimuuma sana, lakini hakunyamaza. Alizunguka sokoni na makanisani akitunga nyimbo kuhusu haki ya mke katika ardhi.

Nyimbo zenyewe zilisafiri mbali. Mhasibu wetu Keziah, asiyejua Kimaa, alipenda mmoja, akauimba kwa madaha kwenye harusi ya mpwa wake. Wageni wa Kimaasai walicheka hadi machozi: wimbo ulimkaripia bwana harusi aliyeuza ng'ombe akanywa pombe!

Mwezi uliopita tulikuwa Entarara kwenye mkutano wa ardhi. Naisula alikuwa amejiandaa kuimba. Lakini wanawake walisimama wenyewe, mmoja baada ya mwingine, wakauliza maswali, wakajibiwa. Yeye alikaa kimya hadi mwisho. Tukirudi alisema tu, "Leo hawakunihitaji. Nimefurahi kweli."

Mama Naisula, ashe oleng, asante sana. Tunajivunia kufanya kazi nawe. Mungu akujalie afya njema, maziwa tele na koo lisilokauka.