Nyota Yangu Hakuifunga Bibi

Bwana asifiwe! Asifiwe tena, maana mmeitikia kama mnaogopa.

Ndugu zangu, mimi ni Editha, mjukuu wa bibi Anatolia, yule aliyekaa benchi la mwisho peke yake. Mnaniona nimevaa sketi ya usaili, mnadhani nimekuja kushuhudia kazi. Kazi sijapata! Tulieni mnisikilize.

Bibi alinilea tangu mama alipofariki. Alinisomesha kwa maharage na mihogo yake mpaka kidato cha sita. Asubuhi ya mtihani alininawisha uso kwa maji ya kisimani akaniombea kwa Kiha: "Imana ikuje imbere," yaani Mungu akutangulie. Nikaenda, nikafaulu. Mlikuja kushangilia, na wali mkala.

Nikaitwa jeshini, mafunzo ya mujibu wa sheria. Siku ya kwanza nikakutana na afande, nikainama na kupiga makofi polepole, kama tunavyosalimia wakubwa hapa Kitanga. Jamani! Nilirushwa kichura mpaka magoti yakagoma. Sawa, jeshi ni jeshi. Nikajifunza saluti, nikamaliza, nikarudi na cheti.

Ndipo ukaja usaili. Nikaitwa Kasulu, nikaitwa Kibondo, kote naambiwa tutakupigia, na simu haiiti. Mkamleta yule mtumishi wa Mungu, mgeni, aniombee. Akaniwekea mikono, akasema nyota yangu imefungwa na mtu wa damu yangu, kwa maji. Kwa maji! Habari ya maji alipewa na nani kama si midomo yenu? Tangu siku ile watoto wenu hawapiti kwetu. Bibi akiwasalimu, mnatazama juu kama mnatafuta mvua. Na mzee mmoja wa kanisa hili, namwona pale amekaa, alikuja kumwambia ahame kabla vijana hawajamchomea nyumba. Bibi huyu aliyewapokea wengi wenu mlipozaliwa!

Hata mimi uongo ule ulinishika. Akipakua chakula, nasema nimeshiba. Nilikonda nikiwa karibu na chungu, ndugu zangu, na huko ndiko kufungwa!

Wiki iliyopita nikaitwa tena Kasulu, kazi ya ukarani. Nikaingia, nikawakuta mezani watu wazima, umri wa baba yangu. Mikono ikaitangulia akili: nikainama, nikapiga makofi. Wakacheka! Mmoja akajifuta machozi kwa ncha ya tai. Akaniuliza, "Binti, kwenu Burundi ni sehemu gani?" Nikamwambia kwetu ni Kitanga, hapa hapa Tanzania, na kitambulisho changu cha taifa hicho hapo mbele yako. Akasema, "Vitambulisho siku hizi mnavipata tu." Basi, usaili ukaishia hapo. Cheti cha mtihani hakukifungua, cha jeshi hakukigusa.

Pale pale Mungu akanifumbua macho! Aliyenifungia mlango nilikuwa namtazama usoni. Amevaa tai, ana soda mezani, anacheka mchana kweupe. Bibi yangu hata jina lake halijui! Nikawaambia, "Asanteni wazee, mmeniponya." Wakadhani nimechanganyikiwa. Nikatoka nikilia, hasira na furaha vimenipanda pamoja.

Nilipofika nyumbani nikala ugali wa muhogo mpaka nikakomba chungu. Bibi akanitazama akasema, "Leo umekula." Kumbe siku zote alikuwa anajua!

Sasa niambieni, maji yale kama yalifunga nyota, mtihani niliufauluje? Nani anijibu? Siku mnakula wali hayakuwa uchawi!

Namshukuru Mungu aliyenitoa kwenye woga wa mtu anayenipenda. Kazi atanipa akitaka. Wakiniita tena nitakwenda, na nikiwakuta wakubwa nitainama na makofi nitapiga, wacheke mpaka wachoke. Nawe unayelala na hofu ya ndugu yako kwa sababu ya maneno ya kuletewa, mwamini Mungu huyu, atakufungua.

Ila amina zenu sizitaki bado. Geukeni nyuma. Bibi yule pale, ameshika kitenge chake, hajui kama leo mtamtazama au mtampita tena. Anayeamini asininyanyulie mikono mimi. Aende kule nyuma, ainame, apige makofi, amsalimie.

Mzee, anza wewe.