Fenesi, Limau na Mwalimu Nelima

Baada ya miaka thelathini na moja ya kufundisha fizikia katika shule yetu hapa Kasubi, Mwalimu Loice Nelima anastaafu rasmi Ijumaa hii, tarehe 29 Mei. Mkuu wa shule ameniomba mimi, Olweny, niandike wasifu wake kwa kuwa nimefundisha somo hilohilo katika chumba cha jirani kwa miaka mingi. Sikukataa. Lakini msomaji ajue mapema kwamba anayemsifu hapa ni mtu mwenye wivu.

Nelima alitoka Bungoma akiwa na diploma mbichi, akaja Kampala kumfuata mumewe aliyekuwa akiuza vipuri Nakawa. Shule ilimpa darasa lililojaa watoto na boksi la chaki. Maabara haikuwepo, kwa hiyo akaenda sokoni akanunua fenesi.

Tangu hapo, kila Alhamisi ya kwanza ya mwaka wa shule, kidato cha kwanza hukusanyika uani, naye husimama kwenye roshani ya ghorofa ya pili, fenesi na limau vikiwa ukingoni. Huwauliza kipi kitatangulia kufika chini. Wote husema fenesi. Huviachia kwa pamoja, na vyote viwili hugusa turubai lililotandikwa chini kwa wakati mmoja.

Mlinzi wetu Okidi, mwanajeshi wa zamani, alipoliona jambo hilo mara ya kwanza aliacha geti wazi. "Mwalimu, hii kubwa na hii kidogo imefika pamoja," alisema. "Nani amesukuma hii kidogo?" Nelima akamweleza kutoka kulekule juu kwamba hakuna aliyesukuma. Dunia hulivuta fenesi kwa nguvu zaidi, ni kweli, lakini fenesi nalo ni zito na si rahisi kulitoa mahali pake, kwa hiyo vyote viwili huongeza mwendo sawasawa. Tangu siku hiyo Okidi huwaeleza wageni getini habari hiyo, wawe wameuliza au hawakuuliza.

Mimi hufundisha kanuni hiyohiyo ubaoni, kwa mwandiko mzuri, na dirisha langu linatazama uani. Siku ya fenesi shingo zote hugeukia huko. Nilijifariji kwamba watoto wanafuata kula fenesi likishapasuka. Kisha ukaja mwaka ambao mafenesi yaliadimika, Nelima akaangusha jiwe lililofungwa kwenye gunia, na hakuna mtoto aliyekosa kutazama. Iliniuma kweli. Nilitaka nami nitazamwe hivyo, angalau mara moja.

Nikajaribu la kwangu. Ili kueleza kwa nini mwezi hautuangukii ingawa dunia inauvuta, nilizungusha ndoo ya maji juu ya kichwa mbele ya darasa na wakaguzi wawili. Ndoo ikienda kasi, maji hayamwagiki. Mimi nilisita ikiwa juu kabisa, nikalowa mpaka soksi. Nelima akachungulia dirishani. "Asante, Mwalimu Olweny," akasema. "Sasa wamejua mwezi ukizubaa itakuwaje." Wakaguzi walicheka, wakasema hawajaona somo lililoeleweka namna hiyo. Aliniokoa, na hilo nalo nikamwonea wivu.

Mwaka huu aliniachia roshani. Alidai magoti yake yamechoshwa na ngazi, ingawa jioni ileile nilimwona akizipanda bila kushika ukuta. Nilipandisha fenesi na limau huku jasho likinitoka, nikauliza swali lake, nikaviachia. Vikatua pamoja. Watoto walishangilia, kisha wote, ingawa walikuwa wageni shuleni na walikuwa wamesikia tu sifa zake kwa kaka na dada zao, wakageuka kumtazama Nelima aliyesimama nyuma yao.

Yeye hakuwatazama. Alikuwa ameinua uso kuniangalia mimi, mikono ameikutanisha kifuani, kama mtoto wa kidato cha kwanza.

Mwalimu Nelima, asante kwa yote. Shule nzima inakuombea afya, mapumziko matamu huko Bungoma, na wajukuu wenye maswali magumu. Karibu Kasubi siku yoyote upendayo, isipokuwa Alhamisi ya fenesi. Siku hiyo nakuomba ubaki nyumbani, ili wanitazame mimi.